Sidi Mubarak Bombay, mnyapara wa misafara aliyezijua nyoyo za watu

Mwezi wa Aprili 1858, mitumbwi kutoka Ujiji iliwasili Uvira, ng'ambo ya mpaka wa leo kutoka Gatumba. Waingereza Richard Burton na John Speke walitaka kujua iwapo mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka humo. Wenyeji waliwaambia kuwa unaingia, lakini wapiga makasia walikataa kuwafikisha mlangoni mwa mto. Miongoni mwa wafasiri wa msafara huo alikuwemo Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa yapata 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye eneo la mpaka wa Tanzania na Msumbiji za leo. Utotoni alitekwa, akauzwa utumwani na kupelekwa India. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru, akarejea Afrika na kuwa askari wa Sultani wa Unguja. Speke alisema naye Kihindustani, naye akayafikisha maneno kwa Kiswahili.

Hata hivyo, kazi yake haikuwa kufasiri tu. Wapagazi walitoroka, watawala walidai hongo, na wageni walishikwa na homa na ghadhabu. Ilimpasa Bombay kumsikiliza na kumtuliza kila mmoja. Uwezo huo wa kutambua hisia zako na za wenzako leo huitwa akili ya hisia, na bila huo msafara haukusonga.

Thamani yake ilidhihirika katika safari ya pili, ya 1860 hadi 1863. Speke na Bombay walibishana juu ya kung'oa hema. Speke akashindwa kujizuia, akampiga usoni. Bombay aliondoka, akisema hatamtumikia tena. Mzee Nasib aliamriwa kushika nafasi yake. Badala ya kuikimbilia, mzee huyo alimsihi Bombay hadi akakubali kurudi. Safari iliendelea hadi Misri.

Baadaye Bombay alimtumikia Henry Stanley, ambaye naye alimlaumu na kumpiga. Novemba 1871 Stanley na David Livingstone walifika mlangoni mwa Rusizi na kuthibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani. Kisha Bombay aliandamana na Verney Cameron, wakalivuka bara hadi Bahari ya Atlantiki mwaka 1875.

Mwaka uliofuata, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, ambayo ilimtunukia pia nishani ya fedha, ilimpa malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885. Wakuu aliowatumikia walisifiwa kwa ugunduzi. Aliyewawezesha kufika ni mtu aliyestahimili hasira zao bila kuacha kazi iharibike.