Baron Saint Paul na ua la Usambara

Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za ukoloni. Kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara alikuta ua dogo la zambarau, akalituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipatia jina Saintpaulia. Kwa kuwa limezoea kivuli, lilistawi ndani ya nyumba za nchi za baridi.

Saint Paul alifariki mwaka 1940. Leo ua hilo limejaa madirishani Ulaya, ila kwao misitu imekatwa na baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka. Haut-Katanga nayo ina maua yasiyoota kwingine, juu ya vilima vya shaba vinavyochimbwa.