IMAMU GHAZALI: MWANACHUONI ALIYEIULIZA NIA YAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu yetu mmoja wa darsa hii alihama Mombasa miaka kadhaa iliyopita, akaenda kukaa Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Huko ana duka la kumtosha yeye na watu wa nyumbani kwake, na kila wiki hufunga safari kwenda Migori kusomesha watoto wa Kiislamu. Waislamu katika nchi ile ni wachache, na chuo hicho hakina mwalimu mwingine. Ametuandikia kwamba moyo wake umechoka. Hajui ameumbwa kwa kazi gani. Anaona siku zake zapotea katika kupima sukari na kusahihisha alifu na bei, na amekusudia kufunga duka, kuwaacha wale watoto, arudi pwani akae msikitini, afikiri na kumtaja Mola wake mpaka ajue njia yake. Naye ametaka shauri letu.

Tumelizungumza jambo lake, tukaona wako wengi kati yetu wenye swali hilo hilo, ingawa hawajaliandika. Basi tumeona jawabu iliyo bora ni kusimulia maisha ya mtu aliyepatwa na hali hiyo, akahama, kisha akarejea. Naye ni Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Muhammad, na baba yake Muhammad, na babu yake Muhammad. Na alikuwa akiitwa Abu Hamid. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambao leo umo katika Iran. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa maskini, akisokota manyoya ya kondoo na kuyauza. Hakusoma, lakini alipenda mno kukaa na maulamaa, na akiomba aruzukiwe watoto wenye elimu. Alipohisi mauti yamemkaribia, aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, akamwachia na fedha kidogo ya kuwasomeshea.

Fedha ile ikaisha. Yule rafiki naye hakuwa na kitu, akawapa shauri waingie madrasa ambayo wanafunzi wake hupewa chakula. Wakaingia. Basi tazama, ndugu msomaji, mwanzo wa huyu aliyekuja kuitwa Hoja ya Uislamu: aliingia chuoni kwa sababu ya njaa. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba waliitafuta elimu kwa lisilokuwa Mwenyezi Mungu, na elimu ikakataa kuwa ya mwingine ila Yeye.

Alisoma Tus, kisha Jurjan. Husimuliwa kwamba alipokuwa akirudi kutoka Jurjan, wanyang'anyi waliushambulia msafara wao wakachukua kila kitu, pamoja na karatasi alizoandikia masomo yake. Akamfuata mkubwa wao akamsihi amrudishie karatasi zile tu, kwani ndizo elimu yake. Yule mwizi akacheka, akamshangaa mtu anayedai ana elimu, ilhali akinyang'anywa mfuko wake habakii na kitu. Akamrudishia. Ghazali alifahamu kwamba amepewa mawaidha, akakaa Tus miaka mitatu akiyahifadhi yote moyoni.

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamul-Haramayn al-Juwayni, akakaa naye mpaka Imamu huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Baada ya hapo akajiunga na baraza ya Nizamul-Mulk, waziri mkubwa wa Masultani wa Kiseljuki, na huko akawashinda maulamaa katika mijadala.

UTUKUFU WA BAGHDAD

Katika mwaka 484 (1091) Waziri alimpa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, na umri wake haujafika miaka 35. Hapakuwa na cheo cha elimu kilichotajika zaidi ya hicho zama zile. Wanafunzi kiasi cha 300 walikuwa wakihudhuria darsa zake, na wakubwa wa dola wakitaka shauri lake.

Lakini mwaka uliofuata Nizamul-Mulk aliuawa, na haukupita muda ila Sultani Malikshah naye akafa. Watu wale ambao dunia yote ilikuwa ikisimama mlangoni pao wakawa chini ya udongo. Ghazali akayaona hayo kwa macho yake, ilhali yeye mwenyewe angali akipanda.

ALIPOIULIZA NAFSI YAKE

Ndipo alipokaa peke yake akaitazama kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa njema. Kwani ni kipi kilicho bora kuliko kufundisha dini? Lakini hakuiuliza kazi. Aliiuliza nia yake ya kufundisha. Akaona, na huu ndio ushujaa wake mkubwa, kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka cheo na kuenea sifa. Akajiona yuko ukingoni mwa shimo.

Tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488, sawa na Julai 1095, alikaa kiasi cha miezi sita akivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad, na jioni azimio limevunjika. Mwisho ulimi wake ukafungika. Alikuwa akijilazimisha kufundisha japo siku moja kwa ajili ya wanafunzi wake, na neno halitoki. Chakula kikawa hakishuki. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yametoka moyoni na dawa yake haimo mikononi mwao.

Alipoona hana hila, alimkimbilia Mwenyezi Mungu, na kuacha cheo na mali kukawa kwepesi kwake. Katika Dhulqaada ya mwaka ule alitoka Baghdad. Aligawa mali yake, akabakisha cha kuwatosha watoto wake, na ndugu yake Ahmad akashika darsa mahali pake. Neno hili la watoto wake tunaomba lisisahauliwe. Hakuwaacha walio juu yake wakihangaika kwa kisingizio cha ibada.

KHALWA NA KITABU CHAKE

Alikaa Sham karibu ya miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa Msikiti mkubwa wa Dameski na kujifungia humo mchana kutwa. Alikwenda Baytul-Muqaddas, na huko Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka ahadi mwaka 489 (1096) kwamba hatapokea mali ya sultani, wala hatakwenda barazani kwake, wala hatajadiliana kwa ajili ya kushinda. Akahiji. Kisha haja za watoto zikamrudisha kwao.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulumid-Din, kitabu chenye sehemu nne na vitabu arubaini ndani yake. Hatusemi kwamba kila kilichomo ni sahihi. Zimo hadithi dhaifu, na Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), alizichungua na kueleza daraja zake. Mwenye kusoma na aisome pamoja na kazi hiyo. Lakini vitabu vitatu vya mwishoni, cha nia na ikhlasi, cha kuichunga nafsi na kuihesabu, na cha kufikiri, vyamhusu ndugu yetu wa Homa Bay kama kwamba ameandikiwa yeye.

Anafundisha kwamba nia si maneno ya kutamkwa na ulimi. Ni mwelekeo wa moyo kwa kile unachokitaka. Mtu hujitia manukato siku ya Ijumaa. Akikusudia sunna na kutowaudhi wenziwe msikitini, apata thawabu. Akikusudia aonekane ana mali, yamgeukia madhambi. Na chupa ni ile ile.

Na katika kuihesabu nafsi ametoa mfano wa biashara. Nafsi ni mshirika wako, na mtaji ni umri. Mfanya biashara hampi mshirika wake mali bila ya masharti, wala hamwachi bila ya kumtazama, wala hailali siku ila amefanya naye hisabu. Basi kila alfajiri, baada ya sala, mtu atenge muda aipe nafsi yake masharti ya siku hiyo: macho yafanye nini, ulimi useme nini, mkono upime vipi. Mchana aichunge. Usiku aiulize faida na hasara, na akiona khiyana aitie adabu.

KUREJEA KWAKE

Mwaka 499 (1106), baada ya kiasi cha miaka kumi na moja, Fakhrul-Mulk, mwana wa Nizamul-Mulk, alimtaka arudi kufundisha Nishapur. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Yule aliyekuwa ameacha ualimu ili aokoke, alirudi katika ualimu. Aliona fisadi imeenea katika imani za watu, na kukaa kwake pembeni kumekuwa raha tu. Lakini alieleza kwamba, ijapokuwa yaonekana amerudi, hakurudi; kwani zamani alifundisha elimu ya kupatia cheo, na sasa afundisha elimu ya kuachia cheo.

Hakukaa huko muda mrefu. Akarejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake mahali pa wanafunzi na mahali pa wafanya ibada, na mwishoni mwa umri wake akashughulika na kusoma hadithi za Mtume wetu (S.A.W.). Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada ya pili, mwaka 505, sawa na 18 Desemba 1111. Ndugu yake Ahmad amesimulia kwamba alitawadha, akasali alfajiri, akaitaka sanda yake akaibusu, akajinyoosha kuelekea Kibla, na jua halijatoka ila roho yake imekwisha toka.

SHAURI LETU

Ndugu yetu wa Homa Bay, Imamu aliondoka Baghdad kwa sababu maradhi yake yalikuwa ni ile sifa ya Baghdad, na darsa yake haikukosa wa kuishika. Wewe hapo ulipo una sifa gani ya kukimbia? Hakuna akusifuye kwa kupima sukari, na watoto wa Migori wakikukosa hawana mwingine. Usiufunge mlango ambao haki za watu zimo ndani yake, mpaka umeiuliza nafsi yako kwanza kama wakimbia riya au wakimbia uchovu.

Basi kila siku baada ya alfajiri, wakati mashua za omena zikirudi ufukoni na taa zao, kaa kitambo kabla hujafungua duka. Fikiri aliyekuumba na marejeo yako. Kisha utengeneze nia: kwamba duka hili ni la kuwalisha walio juu yako kwa halali na kupima kwa uadilifu, na safari ile ya Migori ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake. Usiku fanya hisabu. Fanya hivyo mwaka mzima, kisha utuandikie. Huenda ukaona kwamba kazi uliyoumbiwa ulikuwa nayo mkononi siku zote, iliyokosekana ni nia.

Nasi tulio huku, tuliozungukwa na misikiti kila mtaa, tusidhani swali hili ni la aliye mbali tu. Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu. Amin.