Mwana Kupona: Mgonjwa aliyemtungia bintiye utendi

Mwezi uliopita nilikuwa Kiandutu, kule Thika, nikimuuguza mama yangu mdogo. Sisi watu wa pwani tukisikia Thika twafikiria viwanda na mananasi. Kiandutu ni mtaa wa mabanda ya mabati, na jina lenyewe kwa Kikuyu latokana na funza. Mama mdogo alimfuata mumewe aliyekuwa kibarua wa kiwandani, na uzee ukamkuta huko huko.

Aliyewahi kuuguza ajua kwamba usiku kazi kubwa ni kusubiri. Dawa ya saa nne, kisha ya saa kumi, na katikati hapo hakuna ila mlio wa mabati na pumzi za mgonjwa. Nilikuwa nimebeba kijitabu cha Utendi wa Mwana Kupona. Nikawa nausoma kimoyomoyo kwa mwanga wa simu, kwa raha yangu tu, huku moyo ukinisuta: mtu anaumwa, nami nimezama katika beti! Kumbe mama mdogo alikuwa macho. Akaniambia kama nasoma, nisome kwa sauti, naye asikie.

Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, nakusimulia habari za bibi huyu. Jina lake twalijua sote, lakini wengi wetu tumesahau kwamba utendi wake ulitoka kitandani mwa mgonjwa.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa kisiwani Pate mnamo mwaka 1810. Pate ya wakati huo ilikuwa imekwisha kupita utukufu wake. Majumba ya mawe yalikuwa yakianguka, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaomboleza magofu hayo katika Al-Inkishafi. Lakini elimu haikuanguka pamoja na kuta. Utendi wa Tambuka ulikuwa umetungwa hapo Pate tangu 1728. Siyu, mji jirani kisiwani humo humo, ulisifika kwa wanazuoni wake na kwa mafundi walionakili misahafu kwa mkono. Tendi zilisomwa kwa sauti na mahadhi majumbani, na wanawake wakawa miongoni mwa waliozihifadhi vifuani.

Bi huyu aliolewa na Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu. Haikuwa ndoa ya mtu wa kukaa barazani akinywa kahawa. Bwana Mataka alikataa kuwa chini ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1844 jeshi la Sultani liliteremka kisiwani kuivunja Siyu, likashindwa, na jemadari wake Amir Hammad akauawa. Mji mdogo uliwarudisha nyuma askari wa dola kubwa. Wanaosimulia vita hivyo huwataja wanaume. Mwana Kupona naye alikuwa katika nyumba ya mtawala huyo miaka hiyo, na mtoto wa kike mdogo wa kulea, maana bintiye Mwana Hashima alizaliwa 1841.

Mwaka 1856 ulikuja na mambo mawili. Alizaliwa mtoto wa kiume, Muhammad, na Bwana Mataka akafariki. Katika utendi wake mjane huyu ataja kwamba mumewe aliiaga dunia akiwa radhi naye, na kwa jinsi anavyolieleza, yaonekana lilikuwa jambo lililompa utulivu.

Kisha naye akaugua. Yaelezwa kwamba maradhi yake yalikuwa ya kutokwa na damu katika kizazi. Yeye mwenyewe asema katika beti za mwanzo kwamba yalikuwa yamemshika mwaka mzima, hata hakupata nafasi ya kumwambia bintiye neno la maana. Basi akamwita akae karibu, na wino na karatasi. Ilikuwa mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858. Hashima alikuwa msichana wa miaka 17 hivi, na ndugu yake mtoto wa miaka miwili. Fikiria nyumba hiyo: baba amekufa, mama yu kitandani, na binti huyo ndiye atakayebaki.

Kilichotoka hapo ni beti zaidi ya 100, kila kipande mizani minane, kwa Kiswahili cha visiwa vya Lamu. Mama amwusia binti ashike dini, awe na adabu, aseme kweli, awasaidie wenye dhiki, ajipambe, atunze nyumba na amridhishe mumewe. Halafu wosia wageuka dua. Aomba afya, awaombea watoto wake na ndugu zake, na akiri kwamba aliyetunga ni mpweke mwenye huzuni. Mwisho awageukia wanawake wote na kuwaambia wausome na kuuelewa.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki karibu na mwaka 1860. Utendi ukaendelea kutembea nyumba hadi nyumba, ukinakiliwa kwa herufi za Kiarabu. Alice Werner aliuchapisha 1917, na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena kama kitabu.

Siku hizi twagombana juu yake. Wapo wanaume wanaozichomoa beti za utiifu wakazifanya fimbo ya kuwachapia wake zao, na wasizitaje kabisa zile za dua. Wapo dada zetu wasomi waliokasirishwa na fimbo hiyo, wakamkataa na bibi mwenyewe. Hasira yao naielewa, na siwezi kudai kwamba beti hizo hazimo. Ninalodai ni kwamba kitanda kimesahauliwa. Huyu alikuwa mama aliyejua kwamba hatakuwapo bintiye akiolewa, akamwachia alichonacho: adabu ya zama zake, na sauti yake mwenyewe. Na angeweza kuyasema hayo kwa maneno makavu. Alichagua vina na mizani, kitu ambacho masikio huyafurahisha. Nahisi muda ule wa kutunga na kuandika uliwapumzisha wote wawili na maradhi.

Kule Kiandutu, usiku wa tatu, jirani yetu Mkikuyu aliyeleta uji alikaa akasikiliza. Kiamu kilimshinda, nikawa namfasiria. Nilipolisoma neno la macho kwa matamshi ya mjini, mama mdogo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alinikatiza kutoka kitandani: ni mato, si macho. Akaendelea na ubeti uliofuata bila kitabu, kwa mahadhi aliyoyasikia kwa nyanya yake, mpaka pumzi zikamwishia. Jirani akacheka, naye akacheka, na dawa ya saa kumi ikachelewa kidogo.

Nilipoondoka alikuwa anaweza kukaa. Kijitabu nimemwachia. Natafuta kingine hapa Mombasa, na mwenye nacho cha ziada na anijulishe.