Akii-Bua: Bingwa ambaye wachambuzi hawakumpa nafasi

JUMAMOSI ya Septemba 2, 1972, wakimbiaji wanane walijipanga katika Uwanja wa Olimpiki wa Munich, Ujerumani Magharibi, wakisubiri mlio wa bastola wa fainali ya mita 400 kuruka viunzi kwa wanaume. Macho ya wengi yalikuwa kwa watu wawili. Mmoja alikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi na mshikilia rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa Ralph Mann wa Marekani, aliyeweka rekodi ya dunia ya yadi 440 kuruka viunzi miaka miwili kabla.

Katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo waruka viunzi wengi huomba wasipangiwe, alisimama askari polisi wa Uganda mwenye umri wa miaka 22. Jina lake lilikuwa John Akii-Bua.

Alimaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hiyo chini ya sekunde 48. Mann alifuata kwa sekunde 48.51 na Hemery akawa wa tatu kwa 48.52. Uganda ilikuwa imepata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Olimpiki, na wale waliokuwa wameandika utabiri wao magazetini walilazimika kuanza upya.

Mashabiki wa michezo hubishana sana juu ya chipukizi. Katika vijiwe vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hazikosi hoja kuhusu kijana wa ligi ya chini ambaye mmoja anaapa kuwa ni hazina na mwingine anasema ni wa kawaida. Habari ya Akii-Bua inastahili kurejewa katika mabishano ya namna hiyo kwa sababu moja: takwimu zake zilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuzisoma, mwaka mzima kabla ya Munich.

Mtoto wa familia ya watoto 43

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, huko Abako katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Katika boma la namna hiyo mtoto hujifunza mapema kushindania kila kitu, tangu chakula hadi nafasi ya kusoma. Kijana huyo alichunga ng'ombe, akasoma kwa muda, na baba yake alipofariki masomo nayo yakakoma. Akiwa bado kijana mdogo aliingia katika jeshi la polisi.

Polisi ya Uganda ya miaka ile, ambayo lugha yake ya kazi kwa kiasi kikubwa ilikuwa Kiswahili, ndiyo iliyokuwa chuo cha michezo cha nchi hiyo. Askari aliyeonyesha kipaji alipata muda wa mazoezi na mshahara mwisho wa mwezi, mambo mawili ambayo raia wa kawaida hakuweza kuyapata. Huko alikutana na Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa mmoja wa waruka viunzi bora barani Afrika. Ochana alimfundisha kwa ukali. Aliweka ufito juu ya kiunzi ili mwanafunzi wake ajifunze kupita chini chini bila kupoteza muda hewani, na aliyeinua kichwa aliupata ufito huo usoni. Kovu la mafunzo hayo lilibaki katika paji la uso la Akii-Bua.

Mwaka 1968 alifika Uganda kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyekuja kuongoza mafunzo ya riadha ya taifa. Arnold, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwao kwa kumnoa Colin Jackson, wakati huo hakuwa na jina. Alimkuta Akii-Bua akishindana katika mita 110 kuruka viunzi, akamshawishi kuhamia mita 400.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Viunzi vya mita 110 vina kimo cha sentimita 106.7, wakati vya mita 400 vina sentimita 91.4. Mtu aliyezoea vile virefu huviona vifupi kama kizingiti cha mlango. Juu ya hayo, Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote anapofika kwenye kiunzi. Mkimbiaji wa mguu mmoja akikosea hesabu ya hatua hulazimika kupunguza kasi au kuongeza vihatua ili mguu wake uangukie mahali pake. Yeye aliruka kwa mguu uliofika.

Kwa nini hawakumwona

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Scotland, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alimaliza wa nne. Hata katika timu yake mwenyewe hakuwa wa kwanza, kwani Mganda mwenzake, William Koskei, ambaye baadaye aliichezea Kenya, alitwaa medali ya fedha nyuma ya John Sherwood wa Uingereza. Aliyemtazama siku hiyo tu angekuwa na haki ya kumweka kando.

Lakini Julai 1971, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, timu ya Marekani ilipambana na timu ya Afrika. Akii-Bua alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 49.0. Hakuna mtu duniani aliyekimbia kwa kasi zaidi katika mbio hiyo mwaka ule. Wala hazikuwa mbio za kijijini zilizopimwa kwa saa ya kubahatisha. Zilikimbiwa Marekani kwenyewe, mbele ya Wamarekani.

Hata hivyo, mwaka 1972 ulipowadia hakutajwa miongoni mwa wale wanaopewa nafasi kubwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa uzoefu: hakuwa amekimbia mara nyingi katika mashindano makubwa ya Ulaya. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa pia ya mzunguko. Mganda hakualikwa kwa kuwa hakujulikana, na hakujulikana kwa kuwa hakualikwa. Kampala nayo haikuwa na uwanja wenye sakafu ya kisasa kama ule wa Munich.

Kulikuwapo na jambo jingine lisilosemwa sana. Tangu Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Roma mwaka 1960, dunia ilikuwa imejijengea picha ya Mwafrika wa riadha: mtu mwembamba wa nyanda za juu, mwenye mapafu makubwa, anayeshinda mbio ndefu. Wakenya Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott waliithibitisha picha hiyo Mexico mwaka 1968, na wapo waliodai kuwa hata ushindi huo ulisaidiwa na hewa nyembamba ya mji ule. Mbio za viunzi zilihesabiwa kuwa za ufundi, za mataifa yenye makocha, vifaa na vyuo vikuu. Askari wa Lango hakuingia katika picha hiyo, kwa hiyo sekunde zake 49.0 zilisomwa kama ajali.

Ukweli ni kwamba nyuma ya sekunde hizo kulikuwa na kazi ya kutisha. Akii-Bua alifanya mazoezi akiwa amevaa kizibao kilichoshonewa vipande vya risasi, yale madini mazito ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu, uzito wake ukizidi kilo 10. Kwa mzigo huo alikimbia mita 1,500 akiruka viunzi vya kimo cha mita 110, akapumzika kidogo, akarudia, kisha akarudia tena.

Sekunde 47.82

Kupangwa njia ya kwanza kulionekana kama bahati mbaya. Kona ya ndani ni kali, humvuta mkimbiaji pembeni na kumvurugia hesabu ya hatua, hasa anapotakiwa kuruka akiwa bado anapinda. Hapo ndipo uwezo wa kutumia miguu yote miwili ulipolipa. Zaidi ya hayo, mtu wa njia ya kwanza huwaona wapinzani wake wote wakiwa mbele yake tangu mwanzo, wakati wale wa nje hukimbia bila kujua kinachokuja nyuma.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa, kama mtu aliyedhamiria kurudia alichokifanya Mexico. Akii-Bua hakubabaika. Alimfikia walipoingia mstari wa mwisho, akampita, na kutoka hapo hakuna aliyemsogelea. Tofauti ya karibu sekunde 0.7 kati yake na Mann ni kubwa mno kwa fainali ya Olimpiki.

Rekodi ya Hemery ilikuwa sekunde 48.12, iliyowekwa Mexico penye hewa nyepesi. Munich iko mita zipatazo 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hoja ya mwinuko haikuweza kutumika safari hii. Bingwa mpya hakusimama baada ya kumaliza. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi vilivyobaki njiani na vingine ambavyo havikuwapo kabisa, watu wakimshangilia.

Siku tatu baadaye, Septemba 5, wapiganaji wa Kipalestina waliwateka wanamichezo wa Israel katika kijiji cha Olimpiki. Waisraeli 11 walipoteza maisha, na michezo iliyobaki ikaendelea chini ya wingu zito.

Bingwa wa Amin

Akii-Bua alirejea katika nchi iliyokuwa ikibadilika kwa kasi. Mwezi mmoja kabla ya ushindi wake, Agosti 1972, Rais Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia. Amin, aliyekuwa bondia na mpenda sifa za michezo, alimpokea shujaa huyo kwa shangwe. Alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake.

Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971 na kupata hifadhi Dar es Salaam. Walango na Waacholi wengi waliuawa katika miaka ile, wakiwemo askari. Medali ilimlinda, na ilimfunga pia. Kila alipoonekana pamoja na watawala, ndugu zake waliona jambo moja na serikali ikaona jingine.

Uwanjani aliendelea vizuri. Januari 1973 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Lagos kwa sekunde 48.54. Baada ya hapo safari za nje zikawa haba, na lengo likabaki moja: Montreal, Canada, mwaka 1976.

Hapo ndipo palikuwa na pambano ambalo mashabiki wa riadha wamelikadiria kwa nusu karne bila kupata jibu. Marekani ilikuwa imemtoa kijana mpya, Edwin Moses, ambaye naye mwanzoni mwa mwaka ule hakujulikana. Lakini nchi za Afrika zaidi ya 20 zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, na ililipa gharama yake: Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukutana na John Walker. Uganda nayo ilijiondoa. Julai 25, 1976, Moses alishinda kwa sekunde 47.63 na kuifuta rekodi ya Akii-Bua. Aliyeshika nafasi ya pili, Mike Shine, alitumia sekunde 48.69.

Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliitwaa Kampala na utawala wa Amin ukaanguka. Akii-Bua alihofia kuwa angehesabiwa mtu wa utawala ule, akakimbilia Kenya na familia yake. Huko bingwa wa Olimpiki alijikuta katika kambi ya wakimbizi. Aliyemtoa si shirikisho la riadha wala serikali yoyote ya Afrika, bali kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivivaa. Ilimpeleka Ujerumani Magharibi na kumpa kazi.

Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30, na miaka bora ilikuwa imepita bila kutumika. Hakufika fainali.

Baadaye alirudi nyumbani, akarejea polisi na kufundisha vijana riadha. Alifariki dunia Juni 20, 1997, akiwa na umri wa miaka 47, mjane aliyeacha watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Mjini Lira, katika eneo lake la Lango, uwanja wa michezo una jina lake.

Uganda ilisubiri dhahabu nyingine ya Olimpiki kwa miaka 40. Ilipatikana London, Agosti 12, 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni. Siku hiyo pia wachambuzi walikuwa wakiwatazama wengine, Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang, hadi Mganda alipochomoka zikiwa zimebaki kilomita chache.