Walter Mittelholzer

Walter Mittelholzer (St. Gallen, Uswisi, 2 Aprili 1894 – Steiermark, Austria, 9 Mei 1937) alikuwa rubani, mpiga picha na mwandishi wa vitabu vya safari kutoka nchini Uswisi. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha kutoka angani. Katika Afrika ya Mashariki anajulikana kwa safari mbili: ile ya 1926–1927, alipoongoza ndege ya majini kutoka Zürich hadi Cape Town kwa kufuata mto Naili na maziwa makuu, na ile ya 1930, alipopiga picha za mlima Kilimanjaro kutoka juu ya kilele cha Kibo.

Maisha ya awali

Mittelholzer alizaliwa katika mji wa St. Gallen, mashariki mwa Uswisi. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Tangu ujana alipenda kupanda milima, na alijifunza upigaji picha kabla ya kujifunza kuendesha ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliingia katika kikosi cha ndege cha jeshi la Uswisi. Mwaka 1917 alipata leseni ya urubani, na mwaka 1918 alimaliza mafunzo ya rubani wa kijeshi.

Mpangilio huo wa kazi zake mbili una maana. Marubani wengi wa zama zile walibeba kamera kama kitu cha ziada. Kwa Mittelholzer mambo yalikuwa kinyume: ndege ilikuwa chombo cha kumfikisha mahali ambapo picha ingeweza kupigwa.

Biashara ya picha na usafiri

Tarehe 5 Novemba 1919 alianzisha pamoja na rubani Alfred Comte kampuni ndogo ya kupiga picha za angani na kuchukua abiria. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na kampuni ya Ad Astra Aero, iliyokuwa na mtaji mkubwa zaidi. Mittelholzer alikuwa mkurugenzi wake na rubani mkuu.

Miaka ile abiria wa ndege walikuwa wachache, hivyo picha zilikuwa sehemu muhimu ya mapato. Wateja walikuwa miji, viwanda, hoteli, magazeti na wachapishaji wa kadi za posta. Picha za angani ni za aina mbili. Picha ya wima hupigwa kamera ikielekea chini moja kwa moja, nayo hufaa kwa kuchora ramani. Picha ya mshazari hupigwa kamera ikielekea upande, nayo huonyesha mlima, mji au pwani jinsi mtu anavyoweza kuviona akiwa juu ya kilima kirefu. Mittelholzer alijulikana hasa kwa picha za mshazari, kwa sababu zilieleweka na kila mtu na ziliuzika kwa urahisi.

Mwaka 1924 alishirikiana na Lazar Wechsler kuanzisha kampuni ya filamu ya Praesens-Film mjini Zürich. Tangu hapo kila safari kubwa ilizaa bidhaa tatu: picha, kitabu na filamu.

Safari za Aktiki na Uajemi

Mwaka 1923 Mittelholzer alishiriki katika msafara wa ndege kwenye visiwa vya Spitsbergen, kaskazini mwa Norwe. Msafara huo ulikusudiwa kumsaidia mpelelezi Roald Amundsen, aliyetaka kuruka kuelekea Ncha ya Kaskazini. Amundsen aliahirisha mpango wake, lakini Mittelholzer alipata picha nyingi za milima na barafu ambayo watu wachache sana walikuwa wameiona kutoka juu.

Katika majira ya baridi ya 1924–1925 aliruka kutoka Uswisi hadi Uajemi (Iran ya leo), ambako alipiga picha za mlima Damavand. Safari hizo mbili zilimpatia jina, na jina hilo lilimsaidia kupata fedha za safari ya Afrika.

Safari ya Afrika, 1926–1927

Mittelholzer hakuwa wa kwanza kuvuka Afrika kwa ndege kutoka kaskazini hadi kusini. Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand walifika Cape Town, lakini waliharibu ndege mbili njiani na kumaliza safari kwa ndege ya tatu. Mwaka huohuo ndege kubwa ya aina ya Vickers Vimy, iliyotumwa kwa gharama ya gazeti la The Times la London, ilianguka Tabora na safari yake ikaishia hapo. Mwingereza Alan Cobham alifaulu kwenda na kurudi mwaka 1925–1926.

Ugumu ulitokana na nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya bara la Tanganyika iko juu sana kutoka usawa wa bahari. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na ikipata joto la mchana huwa nyepesi zaidi. Hapo mabawa hubeba uzito mdogo na injini hupoteza nguvu, hivyo ndege huhitaji uwanja mrefu ili kupaa. Viwanja vilivyokuwepo vilikuwa vifupi, vilikatwa porini, navyo wakati wa masika vililowa maji.

Mittelholzer alichagua njia nyingine: kutua majini. Ndege yake ilikuwa Dornier Merkur ya injini moja, iliyoundwa kwa metali na kuwekewa maboya mawili badala ya magurudumu. Iliandikishwa kwa namba CH-171 na kupewa jina la Switzerland. Waliosafiri naye walikuwa fundi Hans Hartmann, mwanajiolojia Arnold Heim na mwandishi René Gouzy.

Waliondoka Zürich tarehe 7 Desemba 1926. Walipitia Italia, Ugiriki na Misri, wakafuata mto Naili hadi Sudan na Uganda, kisha wakaingia Ziwa Viktoria. Kutoka huko walikwenda Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wakashuka hadi pwani ya Msumbiji na kufuata bahari mpaka Cape Town. Walifika tarehe 21 Februari 1927, baada ya siku 77. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya ndege ya majini kuvuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini.

Kuvuka kati ya maziwa mawili

Ndege ya majini ilikuwa na udhaifu wake. Ziwani au mtoni ilikuwa salama kuliko ndege ya magurudumu, maana injini ikizimika rubani aliweza kushuka popote penye maji matulivu. Juu ya nchi kavu hakuwa na pa kushukia.

Kati ya Ziwa Viktoria, lililopo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika, lililopo mita 773, kuna nyanda za juu za magharibi. Upande wa Tanzania nyanda hizo ni nchi ya Waha, yaani Buha, ambako leo kuna wilaya za Kibondo na Kasulu katika Mkoa wa Kigoma. Upande wa magharibi zinaendelea hadi Burundi. Ni nchi ya vilima, mabonde na miombo. Maji mapana pekee yaliyo karibu ni mabwawa ya mito Malagarasi na Moyowosi, na hayo yamejaa mafunjo. Kwa ndege yenye injini moja na maboya, sehemu kama hiyo ilikuwa miongoni mwa zenye hatari kubwa katika safari nzima.

Ndege hazikuwa kitu kipya kabisa kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, wakati wa vita, marubani wa Ubelgiji walitumia ndege za majini kutoka pwani ya Kongo kushambulia bandari ya Kigoma, ambako meli ya Kijerumani Graf von Goetzen ilikuwa na kituo chake. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe mwaka huohuo. Mittelholzer alipopita eneo hilo mwanzoni mwa 1927, meli ilikuwa imeshaopolewa na ilikuwa inatengenezwa. Mwezi wa Mei mwaka huo ilianza kazi tena kwa jina la Liemba.

Safari ya Kilimanjaro, 1930

Mwishoni mwa 1929 Mittelholzer alirudi Afrika ya Mashariki kwa ndege ya Fokker yenye injini tatu. Safari hii ililipiwa na tajiri wa benki kutoka Vienna, Louis von Rothschild, aliyetaka kuwinda katika Serengeti. Mittelholzer alitumia nafasi hiyo kupiga picha za milima.

Mnamo Januari 1930 aliruka juu ya Kilimanjaro, na mara nyingi anatajwa kuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Picha zake zilionyesha shimo la volkeno la Kibo na barafuto zilizolizunguka, mambo ambayo hapo awali yalionwa tu na wapanda milima wachache. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, Kilimandjaro Flug, kilitolewa mwaka 1930.

Swissair na miaka ya mwisho

Mwaka 1931 Ad Astra Aero iliungana na kampuni ya Balair na kuwa Swissair, shirika la ndege la Uswisi lililodumu hadi 2002. Mittelholzer aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa ufundi. Mwaka 1934 aliruka hadi Ethiopia kumpelekea Kaisari Haile Selassie ndege aina ya Fokker, na baadaye alitoa kitabu kuhusu safari hiyo pia.

Mittelholzer aliruka juu ya barafu ya Aktiki, jangwa na misitu ya Afrika bila kuuawa na ndege. Kifo chake kilitokea mlimani: tarehe 9 Mei 1937 alianguka alipokuwa akipanda milima huko Steiermark, Austria. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Ukosoaji

Vitabu na filamu za Mittelholzer ziliwalenga watazamaji wa Ulaya. Wanahistoria wa Uswisi wameonyesha kwamba maelezo yake yalibeba mtazamo wa kikoloni: Waafrika wanaonekana kama sehemu ya mandhari, na mara nyingi hawatajwi kwa majina, ingawa bila msaada wa wenyeji ndege isingeweza kutia nanga wala kubebewa mafuta.

Picha ya angani yenyewe pia ina mipaka. Inaonyesha mapaa, mashamba na njia, lakini haielezi sababu zake. Katika miaka ileile wanaume wengi wa Buha walitembea kwa miguu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu katika sehemu za Kibondo kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mtu anayeruka juu ya nchi kama hiyo angeweza kuona pori tupu na kudhani kwamba halikuwahi kuwa na wenyewe. Kwa hiyo picha za aina hii hazina budi kusomwa pamoja na kumbukumbu za watu walioishi chini yake.

Urithi

Maelfu ya picha za Mittelholzer, nyingi zikiwa za vioo, zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zürich. Zimewekwa kwenye intaneti, na yeyote anaweza kuzitazama bila malipo.

Umuhimu wake kwa Afrika ya Mashariki umebadilika kadiri miaka ilivyopita. Picha zilizopigwa kwa ajili ya kuuza vitabu huko Ulaya sasa ni ushahidi wa hali ya miji, pwani na milima kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mfano ulio wazi zaidi ni Kilimanjaro. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilienea karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Picha za Januari 1930 zinaonyesha hali iliyokuwa katikati ya tarehe hizo: ukuta wa barafu mahali ambapo leo mpandaji hukuta mawe na majivu ya volkeno.

Wapenzi wa ndege na wapiga picha wa leo hupata kwake pia somo la kazi. Mittelholzer aliandika pamoja na picha zake mahali na mara nyingi kimo cha ndege. Kwa sababu hiyo picha nyingi zinaweza kulinganishwa na za sasa, jambo lisilowezekana kwa picha nzuri isiyo na maelezo.