Fred Kubai na Haki ya Mfanyakazi Kusikizwa

Utangulizi

Mwaka 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma wakidai chama chao, UASU, kisajiliwe. Walikuwa na hoja za mishahara na mazingira ya kufundishia pia, lakini walifahamu kwamba chama kisichotambuliwa na sheria hakina njia ya kumfikia mwajiri. Serikali ilikataa. Wapo waliopoteza kazi, na usajili haukupatikana hadi mwaka 2003. Dai hilo halikuwa geni nchini. Mwaka 1950 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilinyimwa usajili vivyo hivyo, na rais wake akatiwa mbaroni. Mtu huyo, Fred Kubai, baadaye alikuwa mbunge wa Nakuru Mashariki. Makala haya yanafuatilia maisha yake kama mtetezi wa haki ya wafanyakazi kujadiliana na mwajiri, na yanachunguza kilichoipata haki hiyo pale watetezi wake walipoingia serikalini.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi

Kubai alizaliwa Mombasa katika muongo wa pili wa karne ya ishirini. Baba yake alikuwa Mkikuyu na mama yake alitoka Pwani. Malezi hayo yalimpa Kiswahili cha nyumbani, akiba iliyomfaa sana baadaye, kwa kuwa wafanyakazi wa Nairobi walitoka katika jamii nyingi na lugha iliyowaunganisha mikutanoni ilikuwa Kiswahili. Katika miaka ya 1930 aliajiriwa katika idara ya posta kama karani wa simu za maandishi. Kazi hiyo ilimwonyesha kwa karibu jinsi mshahara ulivyopangwa kwa rangi ya mtu kabla ya kupangwa kwa ujuzi wake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili aliiacha posta akajitosa katika vyama vya wafanyakazi, hususan vya madereva na mafundi wa magari. Enzi hizo madereva walikuwa na nafasi ya pekee. Walisafiri kutoka Nairobi hadi Nakuru na kwingineko, wakabeba abiria, mizigo na habari. Mwezi wa Oktoba 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki mbili wakipinga kanuni ndogo za manispaa zilizowabana, na chama cha Kubai cha wafanyakazi wa uchukuzi ndicho kilichokuwa nyuma yao.

Shirikisho Lililonyimwa Usajili

Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Kubai alichaguliwa rais, na Makhan Singh, mwanaharakati wa asili ya Kihindi, akawa katibu mkuu. Ushirikiano huo uliisumbua serikali ya kikoloni, ambayo ilizoea kuwagawa Waafrika na Wahindi makazini na mitaani. Shirikisho liliomba usajili, likanyimwa. Hivyo viongozi wake waliendesha shughuli zao huku sheria ikiwahesabu kuwa wahalifu kwa kosa la kuongoza chama kisichosajiliwa.

Tarehe 15 Mei 1950 Kubai na Makhan Singh walikamatwa. Siku iliyofuata mgomo mkuu ulianza Nairobi. Serikali ilitumia mabomu ya kutoa machozi na magari ya deraya, nazo ndege za kivita zikapita juu ya mitaa ya Waafrika. Hata hivyo, mgomo ulidumu takriban siku tisa na kuenea katika miji mingine, Nakuru ukiwa mmojawapo. Wafanyakazi walidai kima cha chini cha mshahara cha shilingi 100 kwa mwezi, kukomeshwa kwa misako ya usiku, na kuachiliwa kwa viongozi watatu: Makhan Singh, Kubai na Chege Kibachia.

Kibachia aliongoza wafanyakazi wa Mombasa mwaka 1947, na tangu mwaka huo alikuwa amezuiliwa Kabarnet, katika wilaya ya Baringo. Kwa serikali, milima ya Bonde la Ufa na majangwa ya kaskazini yalikuwa mahali pa kumficha kiongozi asisikike. Makhan Singh naye alipelekwa kaskazini akazuiliwa kwa miaka 11. Kubai alifunguliwa mashtaka mazito zaidi, ya kujaribu kumuua diwani mmoja wa Nairobi. Alikaa rumande kwa miezi kadhaa, kisha mahakama ikamwachilia mwanzoni mwa mwaka 1951.

Kiapo, Gazeti na Gereza

Kubai alitoka rumande na kukuta mlango wa majadiliano umefungwa. Wakati huohuo, mashamba ya walowezi yaliyozunguka Nakuru, kuanzia Njoro na Molo hadi Solai na Subukia, yalikuwa yakifukuta. Maskwota waliolima huko waliongezewa siku za kumfanyia kazi mlowezi kila mwaka huku mifugo yao ikipunguzwa. Huko Olenguruone, ambako baadhi yao walipewa makazi, wakazi walikataa masharti ya serikali na kula kiapo cha umoja kilichowahusisha wanaume, wanawake na hata watoto. Walifukuzwa kufikia mwaka 1950, lakini kiapo chao kilibaki, kikasafiri hadi Nairobi. Hapo Kubai, Bildad Kaggia na wenzao walikieneza miongoni mwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi na madereva. Hivyo malalamiko ya shambani na ya mjini yakakutana.

Mwezi wa Juni 1951 Kubai alichaguliwa mwenyekiti wa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Alihariri pia gazeti la KAU, Sauti ya Mwafrika, lililochapishwa kwa Kiswahili. Mchango huu haufai kupuuzwa na wanafunzi wa lugha. Msamiati wa siasa na kazi, wa mgomo, chama, haki na uhuru, ulikomazwa katika magazeti ya aina hiyo kabla haujaingia katika vitabu vya kiada.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Kubai akakamatwa usiku huo. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Kesi hiyo iliendeshwa katika jengo la shule, mbali na Nairobi. Mwezi wa Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, wakapelekwa Lokitaung, ingawa hukumu ya Oneko ilitenguliwa baadaye katika rufani. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali duni ya gereza hilo ilichapishwa katika gazeti la Observer la London na kuzua mjadala. Kubai hakuwa huru kikamilifu hadi mwaka 1961.

Mbunge wa Nakuru Mashariki

Katika uchaguzi wa mwaka 1963 Nakuru iliwapeleka bungeni wafungwa wawili wa Kapenguria kwa tiketi ya KANU. Oneko aliwakilisha Nakuru Mjini na Kubai akawakilisha Nakuru Mashariki. Waliowachagua ni pamoja na wafanyakazi wa reli, vibarua na waliokuwa maskwota, watu waliotarajia kwamba uhuru ungewaletea ardhi na ujira wa haki. Kaggia alipewa wadhifa katika Wizara ya Elimu, na Kubai katika Wizara ya Kazi.

Hapo ndipo njia zao zilipoachana. Kaggia alipoteza wadhifa wake mwaka 1964 kwa kuwatetea wasio na ardhi. Mwaka 1966 yeye na Oneko walimfuata Oginga Odinga katika chama cha KPU. Oneko alirudi kwa wapiga kura wa Nakuru Mjini, akashindwa. Kubai alibaki KANU.

Katika kipindi hicho serikali ya Kenyatta ilibadili sura ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1965 iliunda shirikisho moja, COTU, na rais wa nchi akapewa usemi katika uteuzi wa katibu mkuu wake. Sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka huo ilifanya mgomo halali kuwa mgumu zaidi. Mtu aliyewahi kushtakiwa kwa kuongoza shirikisho lisilosajiliwa sasa alikuwa katika serikali iliyosajili shirikisho ikitaka kulishika hatamu.

Walimu ndio walioonyesha kwamba suala lilikuwa bado wazi. Chama chao, KNUT, kilichoasisiwa mwaka 1957, kiligoma mwezi wa Novemba 1966. Walimu walikuwa wameajiriwa na mashirika ya dini, mabaraza ya wilaya na serikali kuu, kila mwajiri na masharti yake. Walitaka mwajiri mmoja wa kujadiliana naye. Mwaka uliofuata Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa kwa sheria.

Kubai alikuwa mbunge hadi mwaka 1974, akarudi bungeni kati ya 1983 na 1988, na kufariki mwaka 1996.

Hitimisho

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kubai alilielewa hilo mapema kuliko wengi wa rika lake, akalilipia kwa takriban muongo mzima wa kifungo na vizuizi. Sifa hiyo haipaswi kupunguzwa. Lakini sehemu ya pili ya maisha yake inafundisha jambo jingine: kusajiliwa ni nusu ya haki. Nusu iliyobaki ni chama kuwa huru hata pale waliowahi kufungwa kwa ajili yake wanapokuwa ndio serikali. Walimu waliogoma mwaka 1966 na 1997, na wahadhiri waliogoma mwaka 1993, walikuwa wakiidai nusu hiyo kwa viongozi waliotokana na harakati zilezile za uhuru. Historia ya Kubai inastahili kusomwa na mwalimu yeyote anayetarajia kuingia darasani, kwa mema yake na kwa maswali iliyoyaacha.