Miko Rwayitare, mzee aliyetufungulia njia ya telefone ya mkononi

Leo mchimbaji akitoka ku shimo anaweza kuulizia bei ya kasiterite Manono mbele ya kubeba mufuko wake. Mama anayeuza unga hapa Kiambi, pale rezo inapopatikana, anaweza kuagiza mzigo Kalemie bila kupanda lori. Njia hiyo ilifunguliwa zamani, na mmoja wa waliofungua ni Miko Rwayitare.

Alizaliwa Rwanda mwaka 1942. Alisoma uinjenia Ujerumani, kisha akafanya kazi huku kwetu, wakati inchi ilikuwa ikiitwa Zaïre. Siku zile telefone ya waya ya Serikali ilikuwa karibu kufa. Mufanyabiashara wa Kinshasa alikuwa anatuma dereva na barua, kumbe mutu mwenyewe hayuko. Siku nzima inapotea, na biashara nayo.

Wengi waliona taabu tu. Rwayitare aliona kazi. Mwaka 1986, pamoja na Mmarekani Joseph Gatt, alianzisha kampuni ya Telecel. Mwaka uliofuata, watu Kinshasa walianza kuongea bila waya, mbele ya inchi nyingi za Afrika.

Tuseme ukweli: haikuwa telefone ya mutu mudogo. Ilikuwa nzito kama tofali, na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Walionunua ni wakubwa wa Serikali na matajiri. Lakini Rwayitare alijua kintu kimoja: ukimaliza shida kubwa ya mutu, atalipa, na kesho wengine watakuja.

Walikuja kweli. Telecel ilivuka mipaka, ikafika Burundi, Afrika ya Kati, Zambia na Zimbabwe. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya kampuni iliuzwa kwa Orascom ya Misri, kwa zaidi ya dola milioni 400. Yeye akanunua shamba la zabibu la Mont Rochelle, Afrika ya Kusini. Alikufa Brussels, Septemba 2007.

Nyuma yake makampuni mengine yaliingia, bei ikashuka, telefone ikafika ku mikono yetu. Mwaka 2012 M-Pesa nayo ikaanza Kongo. Sasa kazi ni yetu, sisi wenye butike ndogo na mizani. Andika namba yako ku mlango wa butike, na usiibadilishe kila mwezi, maana muteja akikukosa mara mbili anaenda kwa jirani. Ukipokea mesaje kwamba feza imeingia, usitoe mzigo bado: angalia kwanza salio mwenyewe, sababu wezi wanaandika mesaje za uongo. Code ya siri usimpe mutu, hata akijiita wa kampuni. Na kila feza inayoingia iandike ku kaye, maana telefone inaweza kuanguka mu maji ya Luvua, na deni zote zikaenda nayo.

Tena, mbele ya kuuza madini yako, pigia wanunuzi wawili ao watatu. Zamani mwenye telefone ndiye peke yake alijua bei, na mwenye jasho alipokea ile aliyoambiwa. Leo telefone iko mu mufuko wako. Usiitumie kwa muziki tu.